Vidonge vya Kibwetani

Nilivikuta siku tuliyokuwa tunamfungia Mjomba mzigo wa kwenda kupasuliwa. Aliniambia nimtolee kadi yake ya hospitali kwenye kibweta, kile cha mti ambacho tangu utoto wetu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Chini ya kadi, chini ya karatasi za shamba na picha ya marehemu mkewe, palikuwa na vifurushi vinne vya karatasi ya daftari vilivyofungwa kwa uzi wa nyavu. Nikafungua kimoja. Vidonge vitano: vinne vidogo vyeupe, kimoja kikubwa. Nikafungua cha pili, vitano tena. Vyote ishirini. Ilikuwa kingatiba ya miaka minne, dawa ya matende na mabusha, na aliyempa miaka yote minne ni mimi.

Vidonge vile havikuniuma kama daftari langu lilivyoniuma. Mimi ni mgawa dawa wa kitongoji chetu, huku kusini mwa mto Pangani, na kwenye daftari langu mbele ya jina la Mjomba palikuwa na alama nne. Kameza, kameza, kameza, kameza. Alama hizo zilijumlishwa na za wenzangu zikapelekwa zahanati, zikapanda hadi halmashauri, na huko juu zikageuka asilimia ambayo watu waliifurahia.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Ulinipa, nikapokea. Hukusema nimeze mbele yako."

Alisema kweli. Tulipofunzwa tuliambiwa mtu ameze tukimwona, na maji tubebe wenyewe. Lakini mpwa anamsimamiaje mjomba aliyemlea, anamwambia afungue mdomo na ainue ulimi? Mimi nilikuwa namwamkia, naweka vidonge juu ya mkeka pamoja na kikombe cha maji, naulizia habari za bahari, naondoka. Njiani naweka alama. Sikuona kuwa nadanganya, niliona namstahi mzee.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza vifurushi kama vile viko katika vibweta vingapi, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba.

Kwetu pwani ugonjwa huu una majina kadhaa, na kila jina limeshika sehemu yake ya mwili. Mguu ukivimba ni matende. Korodani zikijaa maji ni busha, na mwenye haya atasema ngirimaji, au atasema tu "ana mshipa" na kila mtu ataelewa. Kwa muda mrefu watu hawakujua kuwa hiyo ni maradhi moja. Busha lilisemwa kuwa la madafu, au la kubeba mizigo mizito, au la kuendesha baiskeli. Matende yalikuwa ya kutegwa: mtu kakanyaga kitu alichowekewa njiani na asiyempenda. Nilikua nikiyasikia maneno hayo, na nikiri kuwa la madafu niliendelea kuliamini hadi ukubwani.

Wanaofanya kazi hiyo ni minyoo ya filaria, myembamba kama uzi wa kushonea. Dume na jike huishi kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na wanaweza kukaa humo miaka mitano, sita, hata minane, wakizaa vitoto mamilioni. Vitoto hivyo havionekani kwa macho, na mchana havikai karibu na ngozi. Hujificha ndani, kwenye mishipa ya mapafu. Usiku hujitokeza, na huwa vingi zaidi kati ya saa nne usiku na saa nane, saa zile zile mbu wetu wanapouma. Mbu akivinyonya, hukua ndani yake kwa siku kumi hivi au zaidi kidogo, kisha huingia kwa mtu mwingine. Kuumwa mara moja hakumpi mtu ugonjwa. Ni kuumwa mara nyingi mno, kwa miezi na miaka. Kwa hiyo huu ni ugonjwa wa anayelala mahali pamoja penye mbu, usiku baada ya usiku, kwa sababu hana pengine pa kulala.

Vidonge tunavyogawa ni ivermektini na albendazoli. Ivermektini tunaipima kwa kimo, kwa fimbo yenye rangi: aliye chini ya sentimita 90 hapati, na mtu mzima wa kimo cha Mjomba anapata vidonge vinne. Albendazoli ni kimoja kwa kila mtu. Dawa zinatolewa bure na kampuni zinazozitengeneza, GSK na Merck ya Marekani, tangu ahadi walizotoa mwaka 1998. Kukosa dawa si tatizo letu.

Jambo ambalo watu wengi hawaelezwi ni kwamba vidonge hivi haviwamalizi minyoo wakubwa. Vinafagia vitoto vilivyo kwenye damu na kuwapunguzia wazazi uzazi kwa muda. Mwaka ukipita, wazazi wanaanza tena. Kwa hiyo inabidi kijiji kimeze kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, hadi mnyoo azeeke na afe bila mbu kubeba mtoto wake. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo wameze kila mara. Wasiomeza wakiwa watu tofauti kila mwaka, kazi inakwenda. Wakiwa wale wale miaka yote, mnyoo amepata nyumba ya kudumu. Mtu mwenye busha huenda hana tena vitoto damuni, na huenda bado anavyo; kwa kumtazama huwezi kujua. Mjomba alikuwa miongoni mwa wale wale, na daftari langu lilimficha.

Wanaokosa dawa kwetu ni wanaume kuliko wanawake, na si kwa ukaidi peke yake. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa haupo wanakuwa baharini usiku kucha na kulala mchana, au wamekwenda dago, wamepiga kambi mbali na nyumbani wiki mbili au tatu. Mbalamwezi ikianza wanarudi. Ratiba ya kingatiba inapangwa na watu wanaotazama kalenda ya ukutani, yenye Jumatatu na Ijumaa. Miaka miwili mfululizo tuligawa dawa mwezi ukiwa gizani. Nyumba nzima zilikuwa na wanawake na watoto tu, na kila mama alinyoosha mkono akisema, "Ya baba yao niachie." Nami nikaacha. Wanaume hao ndio wanaokaa nje usiku bila chandarua, na katika uchunguzi mwingi wa damu wanaume ndio hukutwa na vitoto vya filaria zaidi.

Halafu wako waliomeza wakaumwa. Hapa ndipo nadhani wataalamu wamekosea sana katika kuzungumza na watu. Dawa hii kwa asiye na minyoo haina kishindo. Kwa mwenye vitoto vingi kwenye damu, vinapokufa kwa wingi mwili hushtuka: homa, kichwa, kuwashwa, pengine mtoki kwenye kinena. Siku mbili au tatu, kisha yanapita. Kwa hiyo anayeumia ni yule aliyeihitaji, na kesho yake ndiye atakayekaa barazani na kueleza jinsi dawa ilivyomlaza. Tungemwambia mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba akipata homa ajue ilikuwa na kazi ya kufanya mwilini mwake, angekuwa shahidi wetu. Sisi tulisema "haina madhara." Alipolala na homa akatuona waongo, na neno la mwongo halimezwi mara ya pili.

Mwaka 2008 Morogoro wazazi walivamia shule baada ya kusikia kuwa watoto wanaumwa kwa dawa za minyoo na kichocho zilizogawiwa darasani. Wapo waliowaita wajinga. Mimi nina mtoto, na ningesikia mwanangu ameanguka shuleni baada ya kupewa dawa ambayo sikuulizwa wala kuelezwa, ningekimbia bila viatu.

Uvumi mwingine una mizizi ya zamani. Kwa sababu vitoto hutoka usiku, kwa miaka mingi kipimo kilikuwa kutoa damu usiku wa manane. Fikiria kijiji cha pwani ambako bibi zetu walitutisha kwa mumiani, mtu anayenyonya damu za watu gizani akaziuze. Linakuja gari saa tano usiku, wageni wanashuka na taa na visindano, wanaomba damu. Nilikuwa binti mdogo walipokuja kwetu. Bibi alituingiza chumbani akafunga komeo, akakaa kwenye kiti nyuma ya mlango hadi gari likaondoka. Siku hizi kuna kipimo cha kuchoma kidole mchana kinachotafuta antijeni, yaani alama anayoiacha mnyoo kwenye damu, na usumbufu umepungua sana, lakini mzee aliyelikimbia gari lile bado yu hai na bado anasimulia.

Sasa nirudi kwa Mjomba, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ni mumiani, au homa, au uvumi wa kupoteza nguvu za kiume. Havikuwa hivyo.

Busha lake lilianza kabla sijaolewa. Lilikua polepole, hadi kanzu ikawa haifichi. Aliacha kupanda ngalawa kwa sababu hakuweza tena kuruka ubavuni. Akabaki ufukweni kushona nyavu za wengine. Aliacha kuswali safu ya mbele. Mkewe, shangazi yangu, alipofariki hakuoa tena, na watu waliposema ni kwa mapenzi ya marehemu alinyamaza, maana sababu ile ilikuwa na heshima zaidi. Kila miezi michache mtoki ulimwamka, anatetemeka kwa homa siku tatu chini ya mablanketi mawili katika joto la kwetu, kisha anaamka kama aliyefufuka.

Miaka ya mwanzo alikwenda hospitali moja, mbali na nyumbani ili asikutane na wanaomjua. Alivuliwa nguo mbele ya wanafunzi. Akaambiwa arudi mwezi ujao. Aliporudi, mpasuaji hayupo. Aliporudi tena akatajiwa gharama ambayo hata kwa kuuza nyavu zake zote asingeifikia. Muuguzi mmoja alimwambia, kwa nia njema naamini, "Mzee, mficha uchi hazai." Mjomba alinisimulia haya usiku ule tulipokuwa tunafunga mzigo. "Uchi wangu nimewaonyesha watu tisa," alisema. "Nikarudi nao nyumbani kama nilivyokwenda nao."

Baada ya hapo ndipo kingatiba ikaanza, na mimi, mpwa wake, nikamletea vidonge. Akaniuliza mwaka wa kwanza kama vitaliondoa busha. Nikajibu kama nilivyofunzwa: hapana, hivi ni vya kuzuia maambukizi. Nakumbuka alinitazama kwa muda. Sikuielewa ile kimya, ila sasa naielewa. Alikuwa ameishi na ugonjwa huu karibu miaka ishirini na hakuna aliyebisha hodi. Leo wanabisha kila mwaka, na walichobeba ni cha wale wasioumwa.

Vijana walikuwa wanamtazama yeye. Hili nililijua baadaye. Mzee mwenye busha ndiye mtaalamu wa busha kijijini, na yeye akiziweka dawa kando, kijana wa miaka ishirini asiye na kovu mwilini atazimeza kwa nini? Hata wasiojua habari za kibweta walijua kwamba dawa hii haikumsaidia. Walimwona kila asubuhi akishona nyavu na mguu mmoja kando.

Alipasuliwa katika kambi ya upasuaji wa bure, zile ambazo mpango wa taifa huziandaa pamoja na wafadhili. Tulivuka mto kwa kivuko, tukalala kwa jamaa, asubuhi akaingizwa pamoja na wanaume wengine, karibu wote umri wake, wengine wamekuja na watoto wao wa kiume wa kuwashika mkono. Ni upasuaji mdogo, daktari mzoefu huufanya kwa muda mfupi. Jioni alikuwa anakunywa uji. Miaka ishirini ya maisha yake ilikuwa imekaa nyuma ya kazi ya saa moja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri mumewe akaja kulia pembeni yangu bila kuniuliza kitu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume milioni 25 duniani wana mabusha, na zaidi ya watu milioni 15 wana miguu iliyovimba. Maazimio ya kuutokomeza ugonjwa huu yalipitishwa mwaka 1997, mpango wa dunia ukaanza mwaka 2000, na lengo lilikuwa 2020. Halikufikiwa, sasa tunaambiwa 2030. Sidharau kilichofanyika: waliokuwa na maambukizi duniani walikuwa kama milioni 120, na kufikia 2018 walikadiriwa kuwa milioni 51. Togo wameumaliza na wakatambuliwa mwaka 2017, Misri 2018, Malawi 2020. Hapa Tanzania halmashauri nyingi zilizokuwa zikimeza zimekwisha pimwa na kuruhusiwa kuacha. Zilizobaki ni chache, na nyingi zake ni za ukanda huu wa bahari.

Kwa nini huku? Nimeuliza swali hili kwa kila mtaalamu aliyepita zahanati yetu, na jibu lililonikaa zaidi linahusu mbu.

Bara, maeneo mengi, filaria hubebwa na anofelesi, yule yule wa malaria. Vitoto vikipungua sana kwenye damu, mbu huyo hushindwa kuvifikisha mbali. Vingi vinaumia vinapopita kooni mwake, na ugonjwa unajifia wenyewe. Vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria vimesaidia hapo bila hata kukusudiwa. Mjini na pwani tuna kyuleksi, mbu wa maji machafu, wa vyoo vya shimo na makaro. Huyu hata akinyonya vitoto vichache anavikuza vizuri. Ukipunguza ugonjwa hadi ukabaki kidogo tu, kile kidogo kinamtosha. Ndiyo maana asilimia inayotosha kijiji cha mlimani inaweza isitutoshe sisi, na ndiyo maana Dar es Salaam, yenye watu wengi wanaohamahama na makaro yasiyofunikwa, imekuwa mahali pagumu.

Na hapa nina uchungu, kwa sababu dawa ya kyuleksi ilikwisha onyeshwa, tena hapa hapa kwetu, kabla ya mpango wa dunia kuanza. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti na wenyeji walimwaga chembe za polistirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Ni zile chembe nyeupe nyepesi unazozikuta kwenye boksi la televisheni. Zinaelea na kutengeneza tabaka juu ya maji; viluwiluwi vya mbu havipati pa kupumulia, na mbu jike hapati pa kutagia. Maji yakipanda zinapanda, yakishuka zinashuka, na hazinywewi na mtu. Walifanya hivyo pamoja na kugawa dawa. Kabla ya hapo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vitoto vya filaria kwenye damu. Mtu mmoja alikuwa anaumwa na mbu kama mara 25,000 kwa mwaka, na idadi hiyo ilishuka hadi 439. Vitoto kwenye damu vilipungua sana na viliendelea kupungua miaka iliyofuata, badala ya kurudi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kukisimamia choo chetu na kukitazama. Miaka yote ile niliyozunguka na fimbo ya kimo na makopo ya dawa, hakuna aliyewahi kunipa hata kazi ya kuhesabu vyoo vya kitongoji. Kingatiba ni mradi wa watu wa dawa, vyoo ni vya watu wa mazingira, vyandarua ni vya watu wa malaria, na mbu wa usiku anazunguka kote huko bila kuulizwa kibali. Najua chembe zile hazifai kila mahali. Mafuriko yanazibeba, na karo lililo wazi lina shida zake. Lakini bibi anayeumwa na mbu usiku kucha anajua kuwa mbu wamepungua bila kuambiwa, na angetufungulia mlango kwa furaha zaidi tungekuja na kitu anachokiona kinafanya kazi.

Unguja na Pemba walitufundisha jambo jingine pia, na kwao lilikuwa chungu. Walianza kugawa dawa visiwa vizima mwaka 2001, wakaenda hadi 2006, watu wakajitokeza kwa wingi, na kwenye vituo vya kupimia, yaani vijiji vilivyochaguliwa kupimwa, vitoto vya filaria vikawa karibu kwisha kabisa. Walisifiwa kuwa mfano wa kuigwa. Wakaacha. Miaka kadhaa baadaye vipimo vikaonyesha maambukizi bado yapo, ikabidi warudi tena milangoni na vidonge. Jaribu kuwa mgawa dawa unayerudi kwenye nyumba uliyoiambia kuwa umemaliza. Kituo cha kupimia kinaweza kuwa safi na kijiji cha tatu kutoka hapo kikawa kimebaki na minyoo, na kipimo cha kuamua kuacha hufanywa kwa watoto wa miaka sita na saba. Watoto ni kipimo kizuri cha maambukizi mapya, lakini mvuvi wa miaka arobaini ambaye hajameza hata mara moja hayumo darasani.

Watu wanaofuatilia habari huniuliza kwa nini tusipewe dawa tatu kwa pamoja, ile iliyofupisha kazi kwingine. Lamu na Jomvu kule Kenya walipewa mwaka 2018. Sababu ni usubi, ugonjwa wa minyoo mingine unaoenezwa na nzi wadogo weusi. Mkoa wetu wa Tanga una maeneo ya usubi, na dawa ya tatu inaweza kumharibu macho mwenye minyoo ya usubi. Basi tunabaki na mbili, na miaka yetu mingi.

Marehemu Dkt. Mwele Malecela aliuongoza mpango wa Tanzania wa kutokomeza matende na mabusha tangu mwaka 2000, kabla ya kuwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na baadaye kwenda Geneva kusimamia magonjwa haya yote yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki Februari 2022. Nikimfikiria, huwa nafikiria kwamba yuko mtu wa kwetu aliyefika mezani ambako mambo haya yanaamuliwa. Inanipa moyo siku za kupanda kilima na makopo.

Bado kuna miguu. Shangazi yangu mwingine, mdogo wa marehemu mke wa Mjomba, ana matende mguu wa kushoto, na mguu ule hautarudi hata kama mnyoo wa mwisho Tanzania angekufa leo usiku. Kinachomsaidia ni sabuni, maji safi, na mtu wa kumwinamia. Muuguzi alitufundisha: kuosha asubuhi na jioni, kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini, kupaka dawa penye mkwaruzo, kuuinua mguu juu ya mto akilala, kuzungusha kifundo cha mguu akiwa amekaa. Tangu tulipoanza, homa za mtoki zimekuwa chache sana. Alianza kutoka. Alikwenda arusini. Nchi ikiomba kutambuliwa kuwa imeumaliza ugonjwa huu, inatakiwa pia kuonyesha kuwa wagonjwa waliobaki wanahudumiwa, na mimi nashika hapo kwa mikono miwili, kwa sababu nina hofu kwamba tukishafaulu kipimo cha watoto gari halitakuja tena, na shangazi bado atahitaji sabuni.

Msimu uliofuata baada ya upasuaji, Mjomba aliniuliza nagawa lini. Nikamwambia. Akasema tukae diko, wanaposhukia wavuvi, na si kuzunguka majumbani, na twende alasiri. Alikaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, na mbele ya watu akameza vidonge vyake vitano, kimoja kimoja, kisha akawaeleza kwamba wanaweza kupata homa na kwamba homa hiyo ina maana gani. Alipomaliza akawaeleza na habari ya kambi ya upasuaji, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia tangu aache bahari. Wawili walimfuata pembeni jioni ile ile. Nilijua walikuwa wanamwuliza nini.

Sikumwachia mtu dawa ya kwenda nayo nyumbani. Aliyesema atameza baadaye niliandika hajameza. Nilipopeleka daftari langu, asilimia ya kitongoji chetu ilikuwa imeshuka sana kuliko mwaka uliotangulia, na msimamizi mmoja akaniuliza kwa hasira nimefanya nini, kazi iliyokuwa nzuri imeharibikaje. Nikamwambia watu waliomeza mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana. Alidhani nimechanganyikiwa.

Kwenye orodha ya wanaume wa diko nilikuwa na majina 31. Jioni ya mwisho walikuwa wamemeza 22. Mjomba alinihesabia waliobaki kwa vidole: wawili wamekataa na atakwenda kuzungumza nao mwenyewe, mmoja anaumwa, sita wako dago.

"Wanarudi mbalamwezi ikianza," alisema.

Dawa zilitakiwa zirudishwe zahanati Ijumaa. Mbalamwezi ilikuwa inaanza Jumanne ya wiki iliyofuata. Nilirudi nyumbani, nikawasha taa, nikaandika barua kwa mganga mfawidhi kuomba siku tano zaidi na kopo moja la kila dawa.